Mtakatifu Teresia na Majira ya Baridi

Ninyi mkaao Sumbawanga na vijiji vya Ufipa mwajua baridi ya Juni na Julai: upepo huvuma usiku kucha juu ya nchi yetu ya juu, na asubuhi kila mtu hukimbilia motoni. Huko Ufaransa baridi huja mwezi wa Desemba, miti hupukutika majani yote, na mara nyingine theluji huifunika ardhi. Katika majira hayo alizaliwa Teresia Martin, mjini Alençon, tarehe 2 Januari 1873.

Mama yake alikufa mwaka 1877, na baba akawahamishia binti zake watano mjini Lisieux. Tangu hapo Teresia akawa mtoto wa machozi. Neno dogo lilimliza, kisha alilia tena kwa sababu alikuwa amelia. Usiku wa Noeli mwaka 1886, waliporudi kutoka Misa, alimsikia baba yake aliyechoka akinung'unika juu ya desturi ya kumtilia binti mkubwa kama yeye zawadi viatuni. Machozi yakamjia. Lakini safari hii aliyameza, akashuka ngazi, akazifungua zawadi zile akicheka, hata baba naye akafurahi. Tangu usiku ule moyo wake ukapata nguvu.

Tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na miaka 15, aliingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli pale Lisieux. Siku alipovikwa mavazi ya kitawa, tarehe 10 Januari 1889, alitamani kuona theluji, ingawa hewa haikuwa ya baridi kali. Aliporudi ndani alikuta ua wote umekuwa mweupe, akaipokea theluji ile kama zawadi ya Mungu.

Lakini baridi haikuwa theluji nzuri tu. Katika nyumba ile moto uliwashwa katika chumba kimoja. Jioni Teresia aliota moto kidogo, kisha alipita katika baraza zenye upepo, na alipofika chumbani mwake joto lote lilikuwa limekwisha. Akatetemeka kitandani, pengine hata asubuhi, asiombe blanketi la pili. Dada zake walijua habari hiyo karibu na kufa kwake. Ninyi watoto msimwige katika hilo; mwenye baridi na amwambie mkubwa wake.

Tena msidhani kwamba alipata utulivu kwa sababu sala ilikuwa tamu kwake. Mara nyingi alisinzia katika tafakari, na moyo wake ulikuwa mkavu. Nyuma yake alikaa mtawa mmoja aliyefanya kelele ndogo isiyokoma, nayo ilimsumbua hata akatokwa na jasho. Alitaka sana kugeuka na kumtazama. Hakugeuka. Mwisho akaamua kuisikiliza kelele ile kama ngoma nzuri, akamtolea Yesu ngoma ile kuwa sala yake.

Usiku wa Alhamisi Kuu mwaka 1896, alipokwisha kuizima taa, alisikia kitu cha moto kikipanda kinywani. Hakuiwasha taa tena. Akangoja kimya hata kulipopambazuka, akaona kuwa ni damu. Ndiyo kifua kikuu. Wakati wa Pasaka ile giza likaingia na rohoni, asiione tena mbingu kama zamani, nalo halikuondoka hata kufa kwake. Naye hakuacha kusali.

Katika miezi ile ya ugonjwa alimwandikia barua na kumwombea kijana mmoja, Maurice Bellière, aliyetaka kuwa mmoja wa Mapadre Weupe, ndugu zao wale waliofika Karema mwaka 1885. Kijana huyo aliondoka Ufaransa kwenda Algiers tarehe 29 Septemba 1897. Kesho yake jioni Teresia akafa, mwenye miaka 24. Mwaka 1902 Padre Bellière alikwenda Nyasaland, jirani yetu, ambayo sasa ni Malawi.

Baba Mtakatifu Pius XI alimtangaza Teresia kuwa mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1927 akamfanya msimamizi wa misioni zote pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ingawa tangu alipoingia utawani hakutoka nje hata siku moja.