Fritz Haber: Kapteni wa Gesi na Siri ya Chuma

Askari aliyepata kuhudumu Arua au Koboko huenda akaikumbuka ile dawa ya maji isiyo na rangi ambayo ikimiminwa juu ya jeraha hufoka povu jeupe. Ni haidrojeni peroksaidi, na povu lake ni oksijeni, inayofunguliwa na kimeng'enya cha damu chenye chuma ndani yake. (Siku hizi waganga wengi hawaipendi, kwa kuwa huunguza nyama mpya.) Chuma kilichofungwa ndani ya kimeng'enya huivunja dawa hiyo kwa utulivu, kilicho huru huivunja kwa ukali. Mmoja wa walioeleza ukali huo alikuwa mkemia ambaye kila mwenye sare yapasa amjue kwa jambo jingine kabisa.

Fritz Haber alizaliwa tarehe 9 Desemba 1868 kwa wazazi Wayahudi mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław, Poland. Mnamo mwaka 1909, huko Karlsruhe, alifaulu kuiunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni akapata amonia, itengenezayo mbolea na vilevile baruti. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918.

Lakini kabla ya tuzo vilikuja vita. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, Wajerumani walifungua maelfu ya mitungi ya klorini, jumla ya tani zipatazo 150, upepo ukaipeleka gesi katika mahandaki ya askari wa Ufaransa, wengi wao wakiwa wametoka Algeria. Haber alikuwapo mstari wa mbele akisimamia, naye akapandishwa cheo kuwa kapteni. Sisi tulio jeshini tunajua uzito wa amri. Haber, hata hivyo, hakungoja kuamriwa, bali alijitolea na kuisukuma kazi hiyo mwenyewe. Tarehe 2 Mei mwaka huo mkewe Clara Immerwahr, naye mkemia, alijiua kwa bastola ya mumewe.

Mwaka 1933 serikali ya Hitler iliamuru Wayahudi waondolewe kazini. Haber, kwa kuwa alikuwa amepigana vitani, angeweza kubaki katika taasisi aliyoiongoza mjini Berlin. Alikataa kuwafukuza wenzake, akajiuzulu, akaenda Cambridge, Uingereza, akiwa pamoja na msaidizi wake Joseph Weiss.

Katika chuo hichohicho, mwaka 1876, mwanafunzi Henry Fenton alikuwa ameandika jinsi asidi ya tataria inavyotoa rangi ya zambarau ikitiwa peroksaidi na chumvi ya chuma, kisha ikaongezwa alkali. Haber na Weiss walieleza kinachotendeka: chuma huipa peroksaidi elektroni moja, nayo hukatika vipande viwili. Kimoja ni kipole. Cha pili, radikali ya haidroksili, hushambulia karibu kila kilicho jirani nacho, kiwe mafuta, protini au chembe za urithi. Shaba nayo huweza kutenda vivyo hivyo. Baadhi ya hatua walizozipendekeza zilisahihishwa baadaye, ila hiyo ya kwanza imedumu.

Wala si jambo la maabara tu. Vidonge vya malaria vyenye atemetha, vinavyotumika Uganda tangu mwaka 2006, vina kifungo cha peroksaidi. Kijidudu cha malaria hula wekundu wa damu, na kwa kula hivyo hukiacha wazi chuma kilichokuwamo. Chuma hicho hukivunja kifungo cha dawa, na chembe kali zinazozaliwa humuua mlaji mwenyewe. Ndivyo anavyopona askari aliyeumwa na mbu wa Koboko.

Haber hakuyaona hayo. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 29 Januari 1934 mjini Basel, Uswisi, na makala yake na Weiss ikachapishwa London mwaka huohuo. Majivu ya Clara yaliletwa baadaye kutoka Berlin, yakazikwa kando yake.