Maisha ya Oginga Odinga wa Bondo, na Mazingatio Yake kwa Mwenye Kuhamia Mji wa Ugeni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darasa yetu limezuka swali ambalo tumeona haifai kulijibu kwa mdomo likapita. Vijana wetu wengi wa mwambao huhama miji yao wakenda kutafuta maisha Nairobi, Kisumu, Kampala, na ng'ambo ya bahari. Wazazi hulalamika kuwa kijana huondoka ana jina lake, vazi lake na adabu yake, kisha hurudi hana hata kimoja katika hivyo, wala fedha hana. Wengine kwa kuyaogopa hayo hujifungia chumbani huko huko ugenini, hawajui soko wala jirani, wakawa kama wasafiri waliolala njiani miaka kumi. Basi swali ni hili: aliyehamia mji asioujua ashike nini na aache nini?

Tumeona bora tulijibu kwa sira ya mtu kuliko kwa mawaidha matupu. Na mtu tuliyemchagua si Mwislamu wala si wa pwani, naye ni Oginga Odinga, aliyejulikana kwa jina la Jaramogi. Asitulaumu mtu kwa hilo. Bwana Mtume (S.A.W.) alipohama Makka kwenda Madina alimkodi kiongozi wa njia ambaye hakuwa Mwislamu, kwa sababu alikuwa mwaminifu na njia akiijua. Nasi katika jambo hili twamfuata aliyeijua njia.

Odinga alizaliwa kadiri ya mwaka 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, nchi ya Sakwa, huko Bondo, si mbali na ufuo wa ziwa. Alipozaliwa, reli ilikuwa imekwisha fika Kisumu tangu mwaka 1901, na mji ulikuwa umeanza kusimama, una bandari, karakana, ofisi za serikali na maduka ya Wahindi. Toka Bondo hata Kisumu ni maili zipatazo 40 tu. Lakini Mjaluo wa zama zile aliyetoka kwao akaingia Kisumu aliingia ugenini hasa. Kwao alikula alicholima na alichovua, na huku kila kitu ni kwa senti. Kwao ardhi ni ya ukoo, na huku hata pa kulaza ubavu ni pa kupanga. Juu ya hayo, serikali ya Kiingereza ilimdai kodi ya kibanda, na kodi hiyo ndiyo iliyowatoa watu wengi majumbani mwao wakaenda kutafuta mshahara, wengine katika reli, wengine katika mashamba ya Wazungu, na wengine wakatufikia sisi hapa Mombasa katika gati la Kilindini.

Odinga yeye alitolewa kwao na elimu. Alisoma Maseno, katika skuli ya misheni, kisha Alliance huko Kikuyu, kisha Makerere katika mji wa Kampala. Hata ilipofika mwaka 1940 alikuwa amerudi Maseno, safari hii ni mwalimu, na baadaye akawa mkuu wa skuli ya utabibu wa wanyama hapo hapo. Katika skuli za misheni kijana hakuingia kwa jina alilopewa na babake. Alibatizwa, akapewa jina jingine, naye Odinga akaitwa Obadiah Adonija. Aliyachukua majina hayo muda, kisha akayatua. Akaona kuwa elimu ya Mzungu ni kitu na jina la Mzungu ni kitu kingine, na kwamba mtu aweza kuichukua ile pasina kulichukua hili. Wanawe aliwapa majina ya wazee wao, na viongozi wa kanisa walipotaka wabatizwe kwa majina ya kigeni, palikuwa na mvutano baina yake na wao.

Hapa yatupasa tusimame kidogo. Umar, Uthman, Ali na Bilal, Mungu awawie radhi, waliingia katika Uislamu na majina yao waliyozaliwa nayo, na Mtume hakuyabadili. Aliyoyabadili ni yale yenye maana mbaya. Basi ikiwa dini yenyewe haikumvua mtu jina lake jema, vipi kijana wetu aitwaye Abdallah akifika mji wa watu ajiite jina la kizungu ili karani wa ofisi asipate taabu ya kulitamka? Hakuna aliyemlazimisha. Amejivua mwenyewe.

Twarudi kwa Odinga. Baada ya Vita Vikuu vya pili aliitazama Nyanza akaona jambo moja. Mjaluo alikuwa na nguvu za kufanya kazi, na mshahara, ijapokuwa mdogo, alikuwa akiupata. Lakini mshahara ule ulipita mkononi mwake siku moja, ukaingia katika duka la mtu mwengine, na duka lenyewe likawa halina hata ubao mmoja ulio wake. Akaona kuwa udhaifu wake ni katika kuwa fedha zake zimetawanyika, kila mmoja na chake, na ya kila mmoja haifiki kununua kitu.

Alianza Bondo, kwa chama kidogo cha watu kuweka akiba, kisha likaja shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, lililoandikishwa mwaka 1947. Mwendo wake ulikuwa huu: mwalimu, karani, mkulima na mpagazi wa bandarini kila mmoja alinunua hisa kwa kadiri ya uwezo wake, na fedha zilipokusanyika zikafanya biashara kwa jina la wote. Likafunguliwa duka Maseno. Likasimamishwa jengo Kisumu. Ikapatikana mitambo ya kupigia chapa huko Nairobi, ikiitwa Ramogi Press, na katika kazi hiyo alishirikiana na Achieng Oneko, naye ni mtu wa Uyoma, pande zile zile za Bondo. Odinga aliiacha kazi ya ualimu, nayo ilikuwa kazi ya heshima na yenye mshahara wa uhakika, akaenda kuzungukia watu akiwataka wanunue hisa.

Wanaosoma fiqhi wajua kuwa jambo hili si geni kwetu. Watu kuchanganya mali zao wakafanya biashara, wakagawana faida na wakachukua hasara pamoja, ni katika milango ya shirika ambayo maulama wetu wameieleza karne nyingi. Tumeisoma katika vitabu tukaiacha vitabuni. Na mfano wa mgeni mwenye kwenda sokoni twaujua pia. Abdurrahman bin Auf alipofika Madina hana kitu, Mtume alimfanya ndugu wa Saad bin Rabii, na Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akamtaka amwonyeshe soko tu. Akaenda akafanya biashara ya samli na jibini, na haukupita muda mrefu akawa mtu mwenye mali na nyumba yake. Hakulihitaji jembe la siku ya tatu kupewa na mwenyeji: alilitafuta mwenyewe siku ya kwanza.

Jambo la tatu katika maisha ya Odinga ni jamaa. Katika miaka ya 1950 alikuwa Ker, yaani kiongozi, wa Luo Union, chama kilichowakusanya Wajaluo waliotawanyika katika miji ya Afrika ya Mashariki. Mtu akiugua ugenini, akifiwa, au akifa yeye mwenyewe na jamaa wakataka arudishwe kwao azikwe, vyama vya watu wa kwao vilikuwa vikichanga. Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, alipouawa mwaka 1953, Wajaluo wa miji mbali mbali walichanga likajengwa Kisumu jumba la Ofafa Memorial Hall kwa ukumbusho wake.

Nasi watu wa Mombasa twapaswa kuikumbuka sehemu yetu katika habari hii. Wengi katika hao waliochanga walikuwa ni wapagazi wa bandari yetu. Wazee wetu waliwaona wakipita na magunia mabegani, wakawaita watu wa bara, wakawacheka matamshi yao. Wakati tunacheka, wao walikuwa wakiweka senti, na baadhi yetu tulikuwa tukiuza mashamba ya minazi tuliyorithi ili tutie fora katika harusi na ngoma. Leo twalalamika kuwa mji umetoka mikononi mwetu. Haukunyang'anywa wote. Sehemu yake tuliiuza wenyewe tukala pilau.

Mwezi wa Machi mwaka 1957 ulifanywa uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Walichaguliwa wanane, na Odinga akawa mjumbe wa Nyanza ya Kati. Kwa kuwa Ker hakutakiwa kuwa mtu wa siasa, aliuacha ukubwa ule. Akaingia Nairobi, mji ambao wakati ule Mwafrika aliishi kwa sheria za kumwambia akae mtaa gani. Waafrika wenye vyeo walikuwa wakivaa suti na tai ili wapewe heshima. Odinga alionekana amevaa kofia ya ushanga, joho la kwao, na usinga mkononi. Wako waliomcheka. Lakini mtu yule aliyechekwa ndiye aliyesimama barazani mwezi wa Juni mwaka 1958, wakati kumtaja Jomo Kenyatta kwa wema kulikuwa ni hatari, akasema wazi kuwa Kenyatta na wenzake waliofungwa ndio viongozi ambao watu wangali wanawaheshimu. Hata baadhi ya wajumbe wenzake Waafrika walishtuka. Kwa maoni yetu, asiyeona haya kwa kofia yake haoni haya kwa neno lake.

Yaliyofuata yajulikana, nasi twayapita kwa haraka. Alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1964, akajiuzulu mwaka 1966 alipokhitalifiana na wenzake, akawekwa kizuizini mwaka 1969 hata 1971. Alifariki tarehe 20 Januari 1994, akazikwa kwao Bondo, pale alipotoka. Chuo kikuu kilichoko huko chaitwa kwa jina lake.

Hatusemi kuwa kila alilofanya ni la kufuatwa. Chama cha kabila kina wema wake, lakini kina mlango wa asabia, na dini yetu imeukataza mlango huo. Undugu wetu sisi wapaswa kuwa mpana zaidi: Mdigo, Mbajuni, Mwarabu, Mjaluo Mwislamu wa Kisumu, wote safu moja. Ni aibu basi kuwa wenye undugu mwembamba wachange, na sisi wenye undugu mpana tusichange.

Jawabu ya swali letu ni hii. Anayehamia mji wa ugeni ajifunze lugha yake, kazi yake na hesabu ya soko lake, wala asione taabu kuanza chini. Ashike jina lake, stara yake na sala yake, maana hivyo havimzuii kupata riziki. Awatafute wenziwe, waweke akiba pamoja, na waandike hesabu zao wazi. Na wanaobaki nyumbani wasimcheke mgeni anayeshuka na mzigo begani, kwani hawajui anaweka nini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu popote walipo, awape riziki ya halali, na awarudishe kwao salama na dini yao. Wallahu aalam.