Seve Ballesteros: Mvulana wa Pwani na Fimbo Moja

Vijana wa Malindi na Kilifi wanaochukua mifuko ya fimbo katika viwanja vya gofu huenda hawajui kwamba bingwa mmoja wa dunia alianza kwa kazi hiyo hiyo, tena kando ya bahari. Naye ni marehemu Severiano Ballesteros wa Hispania.

Alizaliwa Aprili 9, 1957, kijijini Pedreña, baba yake akiwa mkulima. Kiwanja cha gofu kilikuwa jirani, lakini kilikuwa cha wenye mali. Watoto wa kijiji waliingia humo kuchukua mizigo ya wengine. Kaka yake, Manuel, akampa fimbo moja ya chuma, namba 3. Kwa fimbo hiyo alijifunza kila namna ya pigo katika mchanga wa pwani, na usiku wa mbalamwezi alijipenyeza kiwanjani kwa siri.

Akiwa na miaka 16 tu, mwaka 1974, alianza kucheza kwa malipo. Mwaka 1978 alifika Nairobi akatwaa Kenya Open. Mwaka uliofuata alishinda Open ya Uingereza, akairudia 1984 na 1988. Kule Marekani alitwaa Masters mwaka 1980, Mzungu wa kwanza kutoka Ulaya kufanya hivyo, na tena 1983.

Lakini mpanda ngazi hushuka. Mgongo ulimsumbua miaka mingi. Alipotimiza miaka 50, mwaka 2007, alipata haki ya kushindana na wakongwe wenzake huko Marekani, ambako mabingwa wengi wa zamani hupata ujana wa pili. Alicheza shindano moja tu, jimboni Alabama, akamaliza mkiani. Hakung'ang'ania. Julai mwaka huo huo alitangaza kustaafu.

Mwaka 2008 aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Alifariki Mei 7, 2011, kijijini kwao, akiwa na miaka 54.

Desemba 2019, Vipingo, Kilifi, ilipokea kwa mara ya kwanza mashindano ya wanawake wanaocheza kwa malipo katika mzunguko wa Ulaya. Mchanga tunao na vijana tunao. Aliyemwinua Seve ni kaka aliyempa fimbo. Je, sisi tumewapa nini wadogo zetu wanaochungulia langoni?