Askofu Kibira: Mlokole wa Buhaya aliyeongoza Walutheri wa dunia

KATIKA historia ya Ukristo nchini, Askofu Josiah Kibira hutajwa zaidi kwa wadhifa mmoja: alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Hata hivyo, chimbuko la maisha yake ya kiroho halikuwa katika kumbi za mikutano ya kimataifa. Lilikuwa katika vikundi vidogo vya toba vya Buhaya, ambako mwalimu na mkulima walikaa pamoja na kuungama dhambi zao bila kujali cheo.

Kibira alizaliwa Agosti 28, 1925 huko Kashenye, Kiziba, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Missenyi mkoani Kagera. Alikulia katika Kanisa lililokuwa na historia ya pekee. Kabla wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani hawajafika Bukoba mwaka 1910, tayari walikuwapo Wahaya waliokuwa wakikutana kusoma Biblia ya Kiganda iliyovuka mpaka kutoka Uganda. Wajerumani walipoondolewa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ni wenyeji kama Andereya Kajerero waliolishika Kanisa lisisambaratike.

Hata hivyo, kizazi cha Kibira kilikabiliwa na tatizo jipya. Ukristo ulikuwa umekwisha kuwa jambo la kawaida. Mtu alibatizwa akiwa mtoto, akapata kipaimara, akasoma katika shule ya misheni na hatimaye akaajiriwa. Jina la ubatizo lilikuwa alama ya maendeleo, na liliweza kubebwa maisha yote pasipo moyo kuguswa.

Ni katika hali hiyo ulipoingia Uamsho wa Afrika Mashariki. Vuguvugu hilo lilianzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, likaenea Uganda na kufika Buhaya mwishoni mwa miaka hiyo. Wafuasi wake waliitwa walokole, yaani waliookoka, na wimbo wao wa Tukutendereza ukasikika vijijini kwenye migomba. Hawakuhubiri dini mpya. Walimwuliza Mkristo swali moja tu, kama yeye mwenyewe anamjua Yesu.

Swali hilo lilikuwa zito. Kuokoka kulimaanisha kusimama mbele ya watu na kutaja dhambi kwa majina yake: wizi, uzinzi, chuki, uongo. Kulimaanisha pia kurudisha kilichoibwa na kumwendea uliyemkosea ili mpatane. Katika jamii iliyotunza sana heshima ya mtu na ya ukoo wake, kujivua hadhi hadharani namna hiyo kulikuwa aibu ambayo si kila mtu aliiweza.

Mwaka 1947, Kibira alifikia uamuzi huo. Alikuwa kijana aliyepata elimu ya sekondari Tabora, fursa iliyokuwa ya wachache mno katika Tanganyika ya wakati ule. Kwa kijana wa aina hiyo, kuketi na walokole na kukiri kwamba naye ni mwenye dhambi kama wengine hakukuwa jambo dogo. Tangu siku hiyo hadi mwisho wa maisha yake alihesabika kuwa ndugu katika ushirika wa waliookoka.

Uamsho haukukosa misukosuko. Baadhi ya walokole waliwalaumu wachungaji wao kwamba wanahubiri wokovu wasioujua. Baadhi ya wachungaji nao waliwaona walokole kuwa watu wa majivuno. Wapo waliotoka na kuanzisha vikundi vyao. Kibira alichagua njia ngumu zaidi, akabaki mlokole ndani ya Kanisa. Aliona kwamba ushirika wa toba ukikosa Kanisa hukosa mizizi, na kwamba Kanisa nalo likikosa toba hubaki ofisi.

Alikwenda Bethel nchini Ujerumani kusomea theolojia, akawekewa mikono ya uchungaji mwaka 1960, kisha akaendelea na masomo Boston, Marekani. Mwaka 1964 alichaguliwa kuwa askofu, akichukua nafasi ya Bengt Sundkler, msomi wa Sweden aliyeliongoza Kanisa la Buhaya tangu mwaka 1961. Kibira akawa mzalendo wa kwanza kushika uaskofu katika eneo hilo, linalojulikana leo kama Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT).

Kanisa lake lilianzia makwao, kuanzia mitaa ya Bukoba kama Kibeta hadi Kamachumu na vijiji vya Muleba. Humo alikuta jambo lililomshughulisha sana kifikra, nalo ni ukoo. Mhaya hakuwa mtu peke yake. Alikuwa na ukoo wenye mwiko wake, na hata asiye wa damu aliweza kufanywa ndugu kwa omukago, yaani kula punje za kahawa zilizotiwa damu ya kila mmoja wao. Je, mtu aliyeokoka kwa imani yake binafsi anahamia wapi?

Kitabu chake kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu, kilichochapishwa mwaka 1974, kilitokana na tafakuri hiyo. Maisha yake yalijibu kwamba anayempata Mungu hapotezi jamaa, bali huongezewa. Ushirika wa waliookoka ulikuwa undugu mpya, ambao damu yake ni ya Kristo na ambao haukomei kwenye kabila wala taifa.

Mwezi Juni 1977, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam na kumchagua kuwa Rais wake, akiwa na umri wa miaka 51. Mkutano huo huo ulitamka kuwa kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe, wala si siasa pekee. Katika uongozi wake Kibira alisisitiza kwamba hakuna Kanisa maskini kiasi cha kukosa cha kutoa, wala tajiri kiasi cha kutohitaji kupokea. Hiyo ilikuwa sauti ya mtu aliyefundwa katika vikundi ambamo kila mmoja huja akiwa mhitaji.

Wakati huohuo nyumbani hakukuwa na utulivu. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi ya kaskazini mwa Mto Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mkoani humo, katika Hospitali ya Ndolage inayomilikiwa na Kanisa lake.

Alimaliza kipindi chake cha urais mwaka 1984 huko Budapest, Hungary. Afya yake ilikwisha kudhoofishwa na ugonjwa wa Parkinson, akastaafu na kufariki dunia Julai 1988. Baadaye chuo kikuu kishiriki kilichoanzishwa Bukoba kilipewa jina lake.

Vyeo alivyovishika vilipita kwa wengine. Kilichobaki kuwa mali yake ni ule uamuzi wa mwaka 1947, ambao hakuuchukulia kama kumbukumbu ya ujana. Kwa mlokole, wokovu ni wa kila siku na toba haina cheo. Askofu Kibira aliupanda mlima mrefu wa uongozi, lakini hakuacha kukaa kwenye mduara wa ndugu waliokutana kuungama.