NIKOLAI VAVILOV, MKUSANYAJI WA MBEGU

Wasomaji wenzangu, napenda kuwasimulieni habari za mtu aliyetaka watu wote washibe, naye akafa kwa njaa.

Nikolai Vavilov alizaliwa Moscow, katika Urusi, mwaka 1887. Alisomea kilimo, akataka kujua kwa nini mmea mmoja hushikwa na ugonjwa na jirani yake husalimika. Aliona kwamba jibu limo katika urithi wa mmea, na kwamba urithi ulio tajiri hupatikana pale zao lilipoanzia, ambako mara nyingi ndugu zake wa porini wangali wakiota. Basi akafunga safari. Mwaka 1927 alikuwa Uhabeshi, akikusanya ngano na shayiri. Mwaka 1932 alifika Peru, nchi ya nyanya mwitu, ambazo nyingine huzaa matunda madogo kama shanga. Mbegu alizokusanya ziliwekwa Leningrad, mji uitwao sasa Saint Petersburg.

Ndipo alipoinuka Trofim Lysenko, aliyeikataa elimu ya urithi na kuahidi mavuno ya haraka. Stalin akamsikiliza. Vavilov hakukubali kuyakana aliyoyajua. Mwaka 1940 alikamatwa, mwaka 1941 akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Alikufa gerezani Saratov mwezi wa Januari, 1943. Katika vita hivyo Wajerumani waliuzingira Leningrad, na baadhi ya wenzake walikufa kwa njaa huku wakizilinda mbegu wasizile. Mwaka 1955 serikali ilimwondolea hatia.

Njia yake haikufa. Katika nyanya mwitu ya Peru wataalamu walipata nguvu ya kuwashinda minyoo wadogo waharibuo mizizi, wakaiingiza katika nyanya ya shambani. Baadaye wakavumbua alama katika urithi, zikaazo karibu na nguvu hiyo. Siku hizi hukata kipande cha jani la mche na kuitafuta alama. Ikiwapo, mche hutunzwa, isipokuwapo, huachwa. Hapana haja ya kungoja minyoo waje.

Nimeyaandika haya kwa sababu sisi wanafunzi hupenda kumhesabu mshindi kuwa ni yule aliyepewa cheo. Lysenko alipewa cheo. Lakini zilizohifadhiwa mpaka leo ni mbegu za Vavilov.