Muhammed Said Abdulla na Upelelezi wa Bwana Msa

Katika historia ya fasihi andishi ya Kiswahili, jina la Muhammed Said Abdulla hutajwa pamoja na jina la mtu ambaye hakuwahi kuishi. Bwana Msa, mvuta kiko mwenye subira na jicho kali, amejulikana kuliko muumba wake. Hata hivyo, maisha ya muumba huyo yanastahili kuchunguzwa, kwani ndani yake mna dalili nyingi za namna mpelelezi huyo alivyopatikana.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, mahali panapofahamika sana kwa sherehe za Mwaka Kogwa. Alipohitimu masomo yake mwaka 1938 aliingia katika Idara ya Afya akiwa mkaguzi. Kazi ya mkaguzi wa afya ni kuingia majumbani mwa watu, kuchungulia visima na kuuliza maswali yasiyopendwa, na si ajabu kwamba mtu aliyeianza kazi hiyo ujanani baadaye aliandika juu ya mwingine mwenye mwenendo uo huo. Mwaka 1948 aligeukia uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Kuanzia 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alihariri jarida la kilimo lililoitwa Mkulima.

Mashindano ya kuandika hadithi yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957-58 ndiyo yaliyombadilisha mwanagazeti huyu kuwa mwandishi wa riwaya. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza na kuchapishwa mwaka 1960. Ikumbukwe kwamba wakati huo nathari ya Kiswahili ilitawaliwa na maadili na istiara, kama inavyoonekana katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Abdulla alileta kitu kingine kabisa: maiti ya mwenye mali katika mzimu wa mababu, wanakijiji wenye hofu, na mtu mmoja anayekataa kuamini kwamba pepo hutumia silaha. Bwana Msa si polisi. Yeye na rafiki yake Najum husikiliza na kupima maneno, huku Inspekta Seif akiwakilisha sheria.

Wahakiki wameona mapema kwamba Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes, mpelelezi wa Arthur Conan Doyle aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1887. Kufanana kupo, na kiko chenyewe ni ushahidi. Lakini anayeishia hapo hajaisoma kazi yenyewe kwa makini. Holmes husoma matope ya viatu. Bwana Msa husoma mazungumzo, utani, heshima ya uongo na nasaba zinazofichwa. Huo ni upelelezi wa jamii ndogo ambamo kila mtu ni mjomba au shemeji wa mwingine, na kwa sababu hiyo kila mtu ana jambo la kunyamazia.

Hapo ndipo riwaya hizi zinapovuka bahari. Tuchukue mji wa Matuu katika Machakos, kando ya barabara iendayo Garissa kutoka Thika. Wasomaji wa huko, ambao wengi wao hujifunza Kikamba kabla ya Kiswahili, wakikaa kikundi kuijadili Mzimu wa Watu wa Kale, hawatahitaji kufafanuliwa hofu ya mahali patakatifu pa wazee. Ukambani napo pana mathembo, mahali pa sadaka ambapo miti haikatwi ovyo. Ubishi utazuka kwingine: je, Bwana Msa anawakomboa wanakijiji kutoka katika ushirikina, au anawadharau? Swali hili ni zito, kwa maana mwandishi huonekana kumpa mjuzi wa mjini haki yote ya kusema. Kwa upande mwingine, katika hadithi hiyo anayeufaidi mzimu ni muuaji, si muumini. Ugumu mwingine utakuwa lugha. Kiunguja cha Abdulla kimejaa misemo na dhihaka za Visiwani, na anayeruka misemo hiyo ili afike upesi kwa muuaji huiruka dalili yenyewe.

Kisima cha Giningi kilifuata mwaka 1968, jina lake likichukuliwa kutoka katika imani za Visiwani kuhusu wachawi. Kisha vitabu vikaja kwa mfululizo: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Kufikia hapo mkondo wa upelelezi ulikuwa na waandishi wengine, akiwemo Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo (1965). Wapo waliouona utanzu huu kuwa burudani tupu isiyofaa wakati wa kujenga taifa. Shutuma hiyo haikuwa ya haki kwa mtu aliyeandika mara kwa mara juu ya urithi, ndoa na watoto waliokanwa.

Kitabu chake cha mwisho kuhusu mpelelezi huyo, Kosa la Bwana Msa, kilitoka mwaka 1984. Jina lenyewe linamtia shujaa hatiani kabla ya ukurasa wa kwanza. Muhammed Said Abdulla alifariki dunia mwaka 1991.