Musa Mzuri, Mtu wa Surat Aliyehamia Unyanyembe

Kila mwaka siku ya Diwali milango ya hekalu huwa wazi kwa wote, na baada ya taa kuwashwa na vyakula kuandaliwa hufuata mazungumzo. Katika mwaka huu wa maadhimisho kamati iliona vema mazungumzo yahusu uhamiaji: nani alikuja Unyanyembe, alipita njia gani, na alipokelewaje. Wamanyema walieleza habari za wazee wao, Waarabu walieleza za kwao, na Wanyamwezi wenyeji walitusikiliza sote kwa uvumilivu mkubwa. Ndipo kijana mmoja, jirani wa karibu, alipoinuka na kuuliza kwa adabu kama sisi Wahindi tuliletwa na Mjerumani au na Mwingereza. Wengi wetu tulimjibu papo hapo kwamba wazee wetu waliifuata reli, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912. Kwa jamaa nyingi za hapa jibu hilo ni la kweli, ila halikutosha. Tuliporudi nyumbani usiku ule tuliona haya kidogo, kwa maana yupo mtu wa Gujarat aliyeishi hapa zaidi ya nusu karne kabla Mjerumani hajalaza chuma cha kwanza cha reli hiyo. Kitabu hiki cha kumbukumbu kinatupa nafasi ya kumjibu kijana yule ipasavyo.

Mtu huyo aliitwa Musa. Wenyeji walimwongezea jina la Mzuri, kwa sababu ya sura yake, na jina hilo likamganda hata vitabu vya wasafiri wa Ulaya vikamwandika hivyo. Tangu mwanzo tuseme wazi kwamba hakuwa wa dini yetu. Alikuwa Khoja, Mwislamu, mzaliwa wa Surat, bandari kongwe ya Gujarat. Atakayeuliza habari zake zinatafuta nini katika kitabu cha hekalu la Wahindu, tutamkumbusha kwamba mitaa ya Tabora haijawahi kututenganisha. Kwa jirani sote ni Wahindi, awe Khoja, Bohora au Baniani. Tena lugha aliyozaliwa nayo Musa ndiyo tunayosemea na wajukuu wetu, ingawa wajukuu siku hizi hutujibu kwa Kiswahili.

Ipo pia sababu ya kwa nini Mhindu hakumtangulia. Katika zama zile Mabaniani wa Kutch walikuwa na nguvu kubwa katika biashara ya Zanzibar. Nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Mundra, ilikodi forodha ya Sultani kwa miongo kadhaa, na misafara mingi iliondoka pwani kwa mikopo ya Wahindi. Lakini Mbhatia aliyeshika dini alikuwa na masharti mazito ya chakula, ya maji na ya nani ampikie, na masharti hayo hayakuwezekana katika safari ya miezi minne porini. Kwa hiyo alitoa fedha, akabaki pwani na daftari lake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1857, Richard Burton alipokuwa akijiandaa kuingia bara, Ladha Damji wa forodha alimwuliza karani wake, kwa lugha ya nyumbani, kama mzungu yule angefika kweli ziwani. Karani alijibu kwamba hafiki. Hawakujua kuwa Burton, aliyetumikia jeshi huko India, aliielewa lugha hiyo neno kwa neno. Nasi tunakiri kwamba hata leo tunao wazee wenye tabia hiyo ya kunong'ona mbele ya mgeni.

Musa hakubaki pwani. Aliingia bara angali kijana, pamoja na kaka yake aliyeitwa Sayyan, katika miaka ya 1820 hivi, na ndugu hao wawili huhesabiwa miongoni mwa wafanyabiashara wa mwanzo kabisa kutoka ng'ambo kufika Unyamwezi. Hata hivyo njia haikuwa yao. Wanyamwezi ndio walioifungua kwa miguu yao, wakishusha pembe za ndovu hadi pwani, na mgeni aliifuata njia hiyo akiongozwa na kirangozi wao, mizigo yake ikiwa mabegani mwa wapagazi wao. Alibeba marekani, kaniki na ushanga. Kila alipovuka nchi ya mtemi alilipa hongo, na kwa mtemi asiyeridhika alingoja siku nyingi mpaka akaruhusiwa.

Mwanzoni wafanyabiashara walikaa mahali pengine, lakini makazi yao yalichomwa vitani. Yapata mwaka 1852 Musa na Mwarabu wa Oman, Snay bin Amir wa kabila la Harthi, walihamia Kazeh, karibu na hapa ulipo mji wetu. Snay alianza maisha kwa kuuza vitu vitamu huko Maskati, kabla ya kuwa tajiri wa pembe na watumwa. Wakati huo Kazeh ilikuwa pori. Wawili hao walijenga nyumba, wakachimba visima, na baada ya miaka michache pakawa mahali penye watu wengi. Sisi tuliofanya biashara Tabora na kungoja mvua za Novemba kila mwaka tunajua kuchimba kisima hapa maana yake nini. Nyumba hujengwa na yeyote mwenye mali. Kisima huchimbwa na mtu anayetazamia kuwapo kiangazi kijacho.

Waliomwona mwaka 1858 walimkadiria umri wa miaka 45 hadi 50. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye ndevu chache, mpole na mwenye huzuni kidogo usoni. Mavazi yake yalikuwa safi daima, yenye harufu ya asmini na sandali. Kofia yake ilikuwa nyeupe kabisa na viatu vyake vilimkaa vizuri. Makao yake yalikuwa kama kijiji kizima: ukuta wa mviringo, malango marefu, nyua pana, zizi la ng'ombe, bustani za matunda na mboga. Ndani ya ukuta huo aliyesimamia kila kitu alikuwa mwanamke mmoja mnene, mlezi wa nyumba aliyejulikana kama Mama Khamisi, ambaye neno lake halikupingwa. Bwana aliposafiri miezi mingi, mgeni aliyefika alipata maziwa na mahali pa kulala kwa amri ya mama huyo.

Na Musa alisafiri sana. Biashara yake kubwa ilikuwa kaskazini, Karagwe, ambako mtemi Rumanika alimheshimu kwa sababu maalumu. Baba yake Rumanika alipofariki, ndugu walipigania kiti, na Musa, aliyekuwa huko, alitoa pembe nyingi kwa Suna, Kabaka wa Buganda, ili alete jeshi kumsaidia Rumanika. Jeshi likaja na Rumanika akashinda. Habari za njia ya Karagwe na za Buganda, ambazo John Speke alizihitaji sana katika safari zake, nyingi alizipata kwa watu wa Kazeh kama Musa. Mwaka 1861 Speke na mwenzake James Grant walikaa nyumbani kwake, wakala chakula chake, na Grant akaandika kwamba mwenyeji wao alikuwa mzee mwema na mkarimu. Vitabu vya safari hizo vimempa Speke ziwa na mto. Musa amepewa kurasa chache.

Sasa tumefika mahali ambapo baadhi ya wazee wetu walitushauri tupapite kwa haraka. Grant alihesabu watu wapatao 300 katika makao ya Musa, wanaume kwa wanawake, na wengi wa watu kama hao katika nyumba za wafanyabiashara wa wakati ule hawakuwa wafanyakazi wa mshahara. Walikuwa watumwa. Waliolima bustani zile na kuzijenga kuta zile hawakuja Kazeh kwa kufuata bahati, kama alivyokuja Musa, waliletwa. Tulipojadili jambo hili katika kamati kulikuwa na sauti mbili. Moja ilisema sherehe si mahali pake, na kwamba tukilitaja tutawapa watu sababu ya kutuchukia. Nyingine ilisema kwamba katika mji huu, ambao wengi wa majirani zetu ni vizazi vya watu waliopita njia hii na kamba shingoni, sisi peke yetu ndio tungedhani kuwa jambo hilo ni siri. Sauti ya pili ilishinda kwa kura chache. Tunaandika, basi, kwamba mtu wa Gujarat tunayejivunia visima vyake alikuwa pia na watumwa, na visima vyenyewe yaelekea havikuchimbwa kwa mikono yake.

Musa alikuwa na utumwa wa aina nyingine, ule wa kasumba. Alitembea na vidonge vyake katika kila mfuko, akavificha katika kila pembe ya nyumba ili visije vikaisha. Neno lenyewe, kasumba, ambalo siku hizi Kiswahili hulitumia kwa mawazo mabaya yaliyopandikizwa vichwani, tunalitambua: kwetu Gujarat kinywaji cha afyuni huitwa kasumbo. Si kila tulichokileta katika jahazi kilikuwa kaniki na viungo.

Miaka yake ya mwisho iliingiliwa na vita. Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alifariki karibu na mwaka 1858, akarithiwa na Mnywa Sere. Mtemi huyu mpya alitaka wafanyabiashara walipe ushuru wa mali zao. Waarabu wa Kazeh walikataa, na mwaka 1860 walimtoa kitini na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sere akaingia msituni na kuifunga njia; misafara ikakwama, wapagazi wakakimbia, bei ya chakula ikapanda. Speke alipojaribu kupatanisha mwaka 1861, wajumbe wa Mnywa Sere walifika Kazeh na mazungumzo yakafanyika, lakini hakuna aliyekuwa tayari kumrudishia nchi yake. Snay bin Amir alikwenda vitani na hakurudi; aliuawa mwaka huohuo.

Katika mazungumzo yetu ya Diwali sehemu hii ndiyo iliyozua maneno mengi. Sisi wafanyabiashara tunanung'unikia kodi, tena kwa sauti, na afisa wa mapato wa wilaya yoyote atashuhudia. Lakini kunung'unika ni kitu kimoja, na kumwondoa mwenye nchi aliyekukaribisha ni kitu kingine. Fundikira aliwapa wageni ardhi ya kuchimba visima. Mrithi wake alipodai haki yake, wageni walimjibu kwa bunduki. Musa alibaki Kazeh, mgonjwa, lakini mali yake ilikuwa ya aina ileile iliyodaiwa ushuru, na hatuwezi kumweka kando ya jambo hili kana kwamba alikuwa mpita njia. Alikuwa ameishi hapa kwa zaidi ya miaka 30. Kama kulikuwa na mgeni aliyejua utemi ni nini kwa Mnyamwezi, ni yeye.

Alikusudia kusafiri tena Karagwe pamoja na wageni wake, lakini mwili ulikataa. Afyuni na maradhi vilimlaza, na akafariki mwaka 1861, akiwa na umri wa miaka 50 hivi.

Miaka 10 baadaye, Henry Stanley alipofika kumtafuta Livingstone, aliulizia Kazeh aliyoisoma katika vitabu vya Burton na Speke. Hakupata hata mtu mmoja aliyejua mahali pa jina hilo. Watu walisema Tabora, na walisema Kwihara, ambako Stanley mwenyewe alikaa katika tembe ambayo leo ni makumbusho. Livingstone naye alikaa humo mwaka 1872 mpaka tarehe 25 Agosti, akingoja watu na vifaa kutoka pwani. Miongoni mwa vijana waliomfikia hapo alikuwamo Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, huko India, kisha akarudi Afrika. Kwa hiyo barabara hii ilimleta Kwihara hata Mwafrika aliyesomea India, na mwaka uliofuata kijana huyo aliandika kwa mkono wake habari za kifo cha Livingstone, akaichonga kumbukumbu ya bwana yule juu ya mti, kabla wenzake na yeye hawajaubeba mwili kurudi Kwihara na kuelekea pwani.

Siku ya kilele cha maadhimisho, baada ya aarti ya asubuhi na kifungua kinywa, mabasi yataondoka hekaluni saa nne kwenda Kwihara, na majirani wote wanakaribishwa, hakuna nauli. Chini ya miembe tutasikiliza habari za Musa kwa ufupi kuliko zilivyoandikwa hapa. Baada yake atazungumza yule kijana aliyetuuliza swali la Diwali. Ameomba yeye apewe upande wa Mnywa Sere, na kamati imekubali.